Monita ya Kichogo: Jinsi Inavyochora Picha, Kuirekebisha na Kusoma Dalili za Ubovu

Monita ya kichogo ya rangi huchora picha kwa miale mitatu ya elektroni inayokwenda pamoja, kushoto kwenda kulia na juu kwenda chini, makumi ya mara kwa sekunde. Kila sehemu ya mashine ina kazi yake katika safari hiyo: kutoa miale, kuiharakisha, kuikaza, kuipinda, au kuizima na kuiwasha kwa wakati wake. Anayeijua safari hiyo akitazama picha mbovu anajua pa kuanzia kabla hajagusa skrubu. Ndiyo maana tunaanza na safari yenyewe, kisha usalama, halafu marekebisho na ubovu. Anayekusudia kufungua mashine asiruke sehemu ya usalama.

Kutoka shingoni hadi usoni

Ndani ya shingo nyembamba ya tyubu, yaani chupa kubwa ya kioo ambayo uso wake ndio unaoonyesha picha, kuna bunduki ya elektroni. Hita ndogo, mara nyingi ya volti 6.3, huipasha kathodi hadi kiasi cha nyuzijoto 800 za Selsiasi. Mwanga wa rangi ya chungwa unaoonekana shingoni gizani ni wa hita hiyo. Kathodi imepakwa oksidi za bariamu na strontiamu, ambazo huachia elektroni kwa urahisi zikipata joto. Tyubu ya rangi ina kathodi tatu, na katika monita nyingi zimepangwa kwenye mstari mmoja, ya kijani ikiwa katikati. Kumbuka hiyo ya katikati, tutaihitaji wakati wa kukutanisha rangi.

Mbele ya kathodi kuna gridi. Ya kwanza, G1, ni lango: volti ya kathodi ikishuka kuikaribia ya G1, elektroni nyingi hupita na nukta inang'aa, ikipanda, mwale unakatika na nukta inakuwa nyeusi. Gridi ya pili, G2, ina volti mia kadhaa na ndiyo inayoweka kiwango cha jumla cha mwanga. Kisha kuna gridi ya kukaza mwale, yenye kilovolti kadhaa, na mwisho anodi, ambayo katika monita ya rangi ya inchi 17 huwa na takriban kilovolti 24 hadi 27. Kwa msukumo huo elektroni hufika usoni zikiwa na karibu asilimia 30 ya kasi ya mwanga. Monita ndogo za rangi moja hutosheka na kilovolti 12 hadi 15.

Kabla ya kugonga fosfa, yaani kemikali iliyopakwa ndani ya uso wa tyubu ambayo hung'aa ikigongwa na elektroni, miale hupita kwenye bamba jembamba la chuma lenye matundu. Kila tundu limepangwa mbele ya vidoa vitatu vya fosfa, na kwa kuwa miale mitatu inafika kwa pembe tofauti kidogo, kila mmoja unagonga kidoa cha rangi yake tu. Umbali kati ya vidoa vya rangi moja ndio ule unaoandikwa kwenye maelezo ya monita, kwa mfano milimita 0.28 au 0.25. Sehemu kubwa ya elektroni hugonga chuma na kugeuka joto. Bamba likipata joto sana hupanuka, matundu husogea, na rangi huchafuka. Ndiyo sababu monita nzuri hutumia aloi ya Invar, ambayo haipanuki sana. Tyubu za Trinitron, zilizoletwa na Sony mwaka 1968, zina nyaya nyembamba za wima badala ya matundu. Nyaya hizo hushikiliwa zisitetemeke na uzi mmoja au miwili ya mlalo, na kivuli chake huonekana kama mstari mwembamba sana kwenye picha nyeupe. Huo si ubovu, na hakuna cha kurekebisha.

Pale shingo inapopanuka kuna koili mbili za shaba zinazopinda mwale kwa usumaku: moja kwa mlalo, nyingine kwa wima. Hapa ndipo penye kazi ngumu zaidi, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Chukua picha ya 640 kwa 480 kwenye masafa ya herzi 60. Mistari si 480 tu. Ni 525, kwa sababu mwale unahitaji muda wa kurudi juu. Mistari hiyo huchorwa kwa mwendo wa kiloherzi 31.469, yaani kila mstari una mikrosekunde 31.8. Kati ya hizo, takriban 25.4 ni za kuchora, na 6.4 zinazobaki ni za kuzima mwale na kuurudisha kushoto. Mkondo kwenye koili ya mlalo hupanda taratibu wakati wa kuchora, kisha transista inayouendesha hukatwa ghafla. Nguvu iliyokuwa kwenye koili haina pa kwenda, na volti kwenye transista huruka hadi elfu moja na zaidi kwa mikrosekunde chache. Katika monita nyingi mruko huohuo ndio unaoingia kwenye transfoma ya flaibaki na kutoka ukiwa maelfu ya volti ya anodi. Kwa hiyo uchoraji wa mlalo ukifa, volti kubwa nayo hufa, na kioo kinabaki cheusi kabisa. Monita kubwa za miaka ya mwisho hutenganisha saketi hizo mbili, na ubovu wake husomeka tofauti.

Ukipandisha ubora wa picha hadi 1024 kwa 768 kwenye herzi 85, mwendo wa mlalo unafika kiloherzi 68.7. Mikrosekunde za kurudisha mwale zinabaki chache, na transista inachemka zaidi. Monita inayokubali masafa mengi hukataa isichokiweza na kuonyesha ujumbe. Zile za zamani zenye masafa ya aina moja hazina kinga hiyo: ishara ya masafa yasiyo yake inaweza kuunguza saketi ya mlalo. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka waya.

Waya wenyewe, kwenye plagi ya pini 15, hubeba nyekundu kwenye pini 1, kijani pini 2, buluu pini 3, na ishara za kupanga mwendo wa mlalo na wima kwenye pini 13 na 14. Rangi ni volti 0 hadi 0.7 kwenye ukinzani wa ohmu 75; bodi ndogo iliyochomekwa shingoni huzikuza hadi makumi ya volti ili kuendesha kathodi.

Usalama kabla ya kufungua

Kuna hatari tatu, na kila moja ina namna yake ya kuepukwa.

Ya kwanza ni chaji ya anodi. Kioo cha tyubu kimepakwa kaboni ndani na nje, kwa hiyo tyubu yenyewe ni kapasita (kitu kinachohifadhi chaji ya umeme) ya nanofaradi moja mbili hivi, na inaweza kubaki na kilovolti nyingi baada ya kuchomoa umeme. Mshtuko wake mara nyingi hauui wenyewe, ila mkono unaoruka ghafla hugonga shingo ya kioo au kingo za bati, na hapo ndipo watu wanapoumia. Itoe chaji hivi:

1. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, vua pete na saa. Ngoja dakika chache.
2. Chukua bisibisi bapa yenye shina refu na mpini mzima wa plastiki. Funga waya wenye klipu kwenye shina lake, na upande wa pili ushike ule waya wa shaba usio na ganda unaozunguka mgongo wa tyubu. Usiushike kwenye bodi ya saketi. Chaji ikipita huko inaua chipu. Ukiweza, weka kati yao rizista ya megaohmu 1 hadi 10 inayostahimili volti kubwa.
3. Weka mkono mmoja mfukoni. Kwa mkono mwingine ingiza ncha ya bisibisi chini ya kifuniko cha mpira cha anodi hadi iguse chuma. Huenda ukasikia mlio mkali, huenda usisikie kitu. Flaibaki nyingi zina rizista ndani zinazomaliza chaji zenyewe. Shikilia sekunde kadhaa.
4. Ngoja dakika tano, rudia. Chaji hurudi kidogo yenyewe kutoka kwenye kioo, na wengi hupigwa kwa sababu waliridhika na mara ya kwanza.

Hatari ya pili ni kapasita kubwa ya usambazaji umeme. Kwenye mtandao wa volti 230 hubeba takriban volti 325, na hii ina nguvu ya kuua kweli. Pima volti kwenye miguu yake kwa multimeta; kama ipo, imalize kwa rizista ya kiloohmu 2 hadi 5 ya wati 10, sekunde tano au zaidi, kisha pima tena. Upande huo wa bodi umeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, kwa hiyo usipime mawimbi hapo kwa osiloskopu bila transfoma ya kutenganisha.

Ya tatu ni ombwe: ndani ya tyubu hamna hewa. Hewa inaukandamiza uso wa tyubu ya inchi 17 kwa nguvu inayozidi uzito wa robo tatu ya tani. Uso ni mnene na umefungwa mkanda wa chuma. Shingo ni nyembamba, na ndiyo inayovunjika. Usibebe tyubu kwa shingo, usiivute bodi ya shingoni kwa kuipindapinda, na vaa miwani ya kinga.

Marekebisho, kwa mpangilio wake

Iache monita iwake dakika 30 kwanza. Kathodi, bamba na saketi zote huhama kidogo zinapopata joto, na ukirekebisha ikiwa baridi utarudia kazi yote. Ielekeze pia mahali itakapokaa, kwa kuwa usumaku wa dunia huathiri rangi.

Anza kwa kuondoa usumaku ulionaswa kwenye bamba la matundu. Koili inayozunguka uso hupata mkondo mkubwa unaofifia ndani ya sekunde chache, kwa msaada wa rizista maalumu inayopanda ukinzani ikichemka. Rizista hiyo lazima ipoe ndipo ifanye kazi tena kikamilifu. Kubonyeza kitufe mara tano mfululizo hakuongezi kitu. Ngoja walau dakika 20.

Kisha G2. Weka picha nyeusi tupu, mwangaza katikati, chumba kiwe na giza. Kwenye flaibaki kuna vishikizo viwili, kimoja cha kukaza picha na kingine cha G2, chenye maandishi SCREEN. Zungusha cha G2 polepole kwa bisibisi ya plastiki hadi kioo kianze kuonyesha ukungu wa kijivu, kisha rudisha hadi utoweke tu. Mguso mdogo unabadilisha mengi. Mistari myembamba ya kupanda upande ikijitokeza, umepitiliza: hiyo ni njia ya mwale ukirudi juu, ambayo haipaswi kuonekana.

Baada ya hapo linganisha weupe. Rangi ya kijivu iliyokolea hurekebishwa kwa kiwango cha kukatika cha kila kathodi, na nyeupe kamili kwa nguvu ya kila rangi. Nenda na kurudi kati ya hizo mbili mara mbili tatu, maana moja huisogeza nyingine. Lengo la kelvini 6500 linafaa picha na filamu. 9300 ni ya kibuluu, na ndiyo iliyowekwa kiwandani kwenye monita nyingi.

Kukaza picha fanya kwa maandishi madogo yaliyojaa kioo kizima. Usitazame katikati peke yake. Sehemu nzuri ni katikati ya njia kati ya kitovu na kona, kwa sababu ukikaza kitovu mpaka mwisho, kona zinapotea.

Umbo la picha (upana, kimo, kingo zilizobonyea, kuinama) liko kwenye menyu ya mbele, na halihitaji maelezo marefu. Jaza picha bila kuzidisha upana, na ufanye hivyo kwa kila ubora wa picha unaoutumia, kwani monita huhifadhi kila mmoja peke yake.

Linabaki jambo la kukutanisha rangi, ambalo hupaswi kuligusa kama mistari myeupe katikati ya kioo haina pindo za rangi. Kama zipo, tazama shingoni: kuna pete za sumaku, kwa kawaida jozi tatu, zimefungwa kwa rangi ya gundi. Chora alama za kalamu kwenye kila pete kabla ya kuzilegeza. Weka picha ya miraba ya mistari myeupe na utazame kitovu tu. Jozi ya ncha nne za sumaku huisogeza nyekundu na buluu kuelekea pande tofauti; itumie hadi ziungane kuwa zambarau. Jozi ya ncha sita huzisogeza zote mbili pamoja. Itumie kuilaza zambarau juu ya kijani, na mstari utakuwa mweupe. Kupanua nafasi kati ya vishikio vya jozi moja huongeza nguvu, kuizungusha jozi nzima hubadilisha mwelekeo. Kijani haihami, kwa kuwa bunduki yake iko katikati.

Jozi ya ncha mbili ni ya usafi wa rangi. Hiyo pamoja na kusogeza koili na kabari zake za mpira iache, isipokuwa tyubu au koili vimebadilishwa au vimehama. Tyubu na koili zake hulinganishwa pamoja kiwandani, na ukivuruga kabari bila sababu kurudisha kona kwenye hali yake ni kazi ya siku nzima.

Picha inavyokuambia ubovu

Rangi moja haipo. Anza na waya. Nyekundu ikikatika nyeupe inakuwa kibuluu-kijani. Kijani ikikatika inakuwa zambarau ya waridi. Buluu ikikatika inakuwa njano. Tikisa waya kwenye plagi, tazama kama kuna pini iliyopinda au kuingia ndani. Ikiwa menyu ya monita yenyewe nayo imepotewa na rangi hiyo, waya hauhusiki. Nenda kwenye bodi ya shingoni, na mara nyingi utakuta kiungo cha risasi, pale mguu wa kipuri ulipochomelewa kwenye bodi, kilichopasuka.

Rangi moja imefurika kioo kizima pamoja na mistari ya mwale unaorudi. Ama transista ya kuikuza rangi hiyo imepiga shoti, ama hita imegusana na kathodi ndani ya tyubu. Pima volti ya kathodi tatu: iliyo chini kuliko wenzake ndiyo yenye tatizo. Zima, chomoa, ondoa bodi ya shingoni na upime ukinzani kati ya hita na kathodi hiyo. Ukipata kitu chochote kinachopimika, ubovu uko ndani ya kioo.

Mstari mmoja mkali wa mlalo katikati. Uchoraji wa wima umekufa. Punguza mwangaza mara moja, maana mstari huo huunguza fosfa kwa dakika chache. Kagua viungo vya risasi vya chipu ya wima na plagi ya koili. Chipu hiyo hupata joto na kupoa kila siku, risasi inachoka na kupasuka duara kuzunguka mguu. Kuchomelea upya hutibu nyingi. Picha iliyojikunja juu tu ni ndugu wa tatizo hili, na chanzo huwa ni kapasita ya elektroliti jirani na chipu.

Haiwaki, inatoa tiki, tiki, tiki. Usambazaji umeme unajaribu kuanza, unakuta shoti, unajizima. Mshukiwa wa kwanza ni transista ya mlalo. Ipime kati ya miguu yake miwili, kolekta na emita: karibu ohmu sifuri pande zote mbili, imekufa. Aina nyingi zina dayodi ndani, kwa hiyo kupitisha upande mmoja ni kawaida. Kadhalika makumi machache ya ohmu kati ya besi, mguu wake wa tatu, na emita. Usiweke mpya na kuwasha palepale. Transista hiyo haifi bure: pima flaibaki, chomelea upya transfoma ndogo inayoiendesha, na hasa kagua kapasita za volti 1600 au 2000 zilizo kwenye kolekta yake. Kapasita ikipoteza thamani, mruko wa volti unapanda juu zaidi, anodi inapanda kupita kiasi na transista mpya inakufa kwa sekunde. Badilisha kwa thamani ileile na aina ileile, bila kukadiria.

Kwa kuwasha mara ya kwanza baada ya ukarabati, weka balbu ya nyuzi ya wati 100 mfululizo na umeme, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye monita, ukiwa umechomoa koili ya kuondoa usumaku. Balbu ikimulika kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, shoti bado ipo.

Picha inatetemeka kama mawimbi. Badilisha masafa ya picha kutoka herzi 60 hadi 85 na utazame kasi ya mtetemo. Ikibadilika, kuna uwanja wa sumaku wa umeme wa ukutani: kwenye mtandao wa herzi 50, picha ya herzi 60 hutetemeka mara 10 kwa sekunde. Sogeza monita mbali na transfoma, spika au nyaya kubwa kabla ya kufungua chochote. Isipotulia popote, badilisha kapasita za usambazaji umeme.

Picha haikazi asubuhi, inakaza baada ya nusu saa. Soketi ya shingoni inavujisha volti ya kukaza kwa sababu ya unyevu na kutu, ibadilishe. Ila ikiwa pia picha ni hafifu na nyeupe inapaka kama matope, kathodi zimechoka. Kupandisha G2 kutakupa miezi ya mwanga zaidi na weusi mbaya zaidi.

Picha inapanuka ukiongeza mwangaza: volti ya anodi inashuka ikilemewa, na elektroni zenye kasi ndogo hupindika zaidi. Tafuta kapasita dhaifu kwenye usambazaji wa mlalo, kisha flaibaki.

Madoa ya rangi yasiyoondoka hata baada ya kuondoa usumaku, kwenye monita iliyoanguka, yanamaanisha bamba limepinda. Halitengenezeki. Tyubu kama hiyo usiivunje kuitupa: kioo cha mgongo na shingo kina risasi nyingi ya kuzuia mionzi ya eksirei, na kinapaswa kufika kwa wanaochakata taka za elektroniki kikiwa kizima.